Hedifoni za Bei Kubwa na Sikio Lisilo na Vipuri

Miongoni mwa wapenzi wa muziki wanaonunua hedifoni za bei kubwa kuna imani moja iliyokita mizizi: kwamba chombo kilichogharimu dola elfu moja au zaidi hakipaswi kuguswa. Ekwalaiza, yaani kile kirekebisha sauti kilichomo katika simu na kompyuta, huonekana kama chumvi inayonyunyizwa juu ya chakula cha mpishi bingwa kabla hata ya kukionja. Mwenye imani hii husema kuwa muziki unapaswa kusikika kama alivyokusudia msanii, na kwamba anayeongeza besi au kupunguza sauti nyembamba anaiharibu kazi ya watu.

Imani hiyo imejaa heshima kwa muziki, lakini haina msingi wa kisayansi. Tena ina upande wa kiafya ambao hutajwa kwa nadra. Mtu anayekosa sehemu fulani ya muziki katika hedifoni zake, naye amejizuia kuirekebisha sehemu hiyo peke yake, hubakiwa na njia moja tu, nayo ni kupandisha sauti yote. Kwa upande wa pili, anayerekebisha bila kujua anachokifanya anaweza kulimwagia sikio nishati nyingi mahali pamoja, huku akiamini kuwa ameboresha muziki. Kusawazisha sauti ni haki ya msikilizaji, na kunaweza kuwa kinga ya masikio yake, almuradi ashike kanuni mbili: apunguze kabla ya kuongeza, na aijue hali ya sikio lake kabla ya kuilaumu hedifoni.

Jambo hili si anasa ya wachache. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba zaidi ya vijana bilioni moja duniani wamo katika hatari ya kupata upotevu wa usikivu unaoweza kuzuilika, kwa sababu ya mazoea yasiyo salama ya kusikiliza. Mwenye hedifoni za bei kubwa anatofautiana na wenzake kwa jambo moja tu: hutumia saa nyingi zaidi akisikiliza kwa makini, na hivyo ana mengi zaidi ya kupoteza.

Bei si kipimo cha sauti

Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya uchunguzi wa hedifoni 283 za aina na bei mbalimbali. Alilinganisha bei ya kila hedifoni na namna inavyotoa masafa, yaani jinsi inavyogawa nguvu kati ya sauti nene, za kati na nyembamba. Hakukuta uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili. Fedha zaidi huweza kununua ngozi laini, uzito mdogo, uimara na pengine upotoshaji mdogo wa sauti. Lakini mgawanyo sahihi wa masafa hauna bei yake maalumu sokoni.

Mfano mmoja unatosha. Hedifoni za Sennheiser HD 800, zilizotoka mwaka 2009, zilisifiwa mno kwa upana wa sauti zake, kiasi kwamba msikilizaji huona kama ameketi ukumbini mbele ya wapigaji. Hata hivyo, vipimo vilionyesha kilele kikali karibu na hezi 6,000, yaani mahali ambapo sauti kama “s” na mlio wa matoazi hukaa. Baadhi ya wasikilizaji waliona ukali huo kuwa uwazi. Wengine walichoka baada ya nusu saa. Wamiliki wengi waliushusha kwa programu ya ekwalaiza, kwa desibeli chache tu. Kisha mwaka 2016 likaja toleo la HD 800 S, ambalo ndani yake mliwekwa kifyonzaji cha kupunguza nishati katika eneo lilelile. Kwa maneno mengine, mtengenezaji mwenyewe alisawazisha sauti ya hedifoni yake. Tofauti ni kwamba alitumia umbo la kifaa badala ya programu. Ikiwa tendo hilo ni uhandisi linapofanyika kiwandani, ni vigumu kueleza kwa nini liwe ukosefu wa adabu linapofanyika sebuleni kwa mnunuzi.

Zipo pia hedifoni zilizo wazi upande wa nyuma, ambazo wasikilizaji makini huzipenda kwa sababu sauti zake hazijifungii ndani. Nyingi kati yake hupoteza nguvu katika besi ya chini kabisa, kwa kuwa hewa inayosukumwa huvuja. Hata miwani ya macho ikiingia kati ya mto wa hedifoni na ngozi huweza kuipunguza besi zaidi. Hapo hakuna uzembe wa mtu yeyote. Ni fizikia tu, na fizikia hiyo hurekebishika.

Usafi ambao haukuwahi kuwapo

Wanaoipinga ekwalaiza huzungumza kana kwamba muziki huwafikia ukiwa safi kama maji ya chemchemi. Historia inasema vingine. Usawazishaji wa sauti ulianzia katika simu za waya, ambako nyaya ndefu zilipunguza sauti nyembamba kuliko nene. Wahandisi wakabuni njia ya kuzirudisha katika usawa ili mazungumzo yaeleweke. Tangu hapo mbinu hiyo haikuondoka katika kazi ya sauti.

Santuri ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko wote. Kuanzia mwaka 1954, kwa kufuata kanuni ya chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, RIAA, besi hupunguzwa wakati wa kuchonga santuri na sauti nyembamba huongezwa, kwa takriban desibeli 20 katika kila ncha ya masafa. Kifaa cha kupigia santuri hugeuza mabadiliko hayo na kurudisha usawa. Kwa hiyo mpenzi wa santuri anayejivunia kutoigusa ekwalaiza maishani mwake, amekuwa akisikiliza kupitia ekwalaiza kila siku. Studio nazo ni vivyo hivyo: sauti ya mwimbaji, ngoma na gitaa hupitishwa katika kirekebisha sauti mara kadhaa kabla wimbo haujatoka. Kusudio la msanii lenyewe lilifikiwa kwa kusawazisha, tena juu ya spika za chumba fulani ambazo msikilizaji hana.

Kila sikio lina umbo lake

Sababu nzito zaidi ya kuikubali ekwalaiza imo katika mwili wa binadamu. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5, umefungwa upande mmoja na kiwambo cha sikio. Bomba la urefu huo huvuma kwa asili yake karibu na hezi 3,000, na hivyo huziongezea nguvu sauti za eneo hilo kabla hazijafika kwenye kiwambo. Sikio la nje, pamoja na kichwa na mabega, huongeza na kupunguza masafa mengine. Maumbo haya hutofautiana baina ya mtu na mtu, na ubongo wa kila mmoja umezoea ya kwake tangu utotoni.

Hedifoni huvuruga mpango huo. Huiweka sauti mlangoni mwa sikio na kuruka sehemu kubwa ya njia ambayo sauti ya kawaida hupitia. Ndiyo maana hedifoni inayotoa nguvu sawa katika masafa yote husikika yenye utusitusi na isiyo na uhai. Mtengenezaji hulazimika kukisia mchango wa mwili na kuuongeza mwenyewe. Kuanzia mwaka 2012, watafiti Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman nchini Marekani waliwasikilizisha watu hedifoni mbalimbali bila kuwaonyesha ni za kampuni gani. Walio wengi walipendelea mgawanyo wa masafa unaofanana na ule wa spika nzuri zilizowekwa katika chumba kizuri. Hata hivyo, wapo waliotaka besi zaidi, na wapo waliotaka besi pungufu. Kipimo cha wengi ni mahali pazuri pa kuanzia, wala si amri kwa kila sikio.

Kuna jambo la tatu, lililoonyeshwa na Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell tangu mwaka 1933: sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na tofauti hiyo hubadilika kadiri sauti inavyopungua. Muziki unapopigwa kwa sauti ya chini, besi hufifia mapema kuliko sauti za kati. Ndiyo sababu wimbo uleule huonekana umenenepa na kuchangamka unapopandishwa, na umekonda unaposhushwa. Hapa ndipo ekwalaiza inapoweza kuwa dawa. Anayesikiliza kwa utulivu usiku anaweza kuongeza besi kidogo na kupata utimilifu alioukosa, badala ya kupandisha kila kitu na kuliadhibu sikio zima kwa ajili ya sehemu moja.

Hesabu ya nishati

Georg von Békésy, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria, alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1961 kwa kueleza jinsi mawimbi ya sauti yanavyosafiri ndani ya koklea, kiungo kilichojikunja kama konokono katika sikio la ndani. Kila sehemu ya koklea huitikia masafa yake: sauti nyembamba karibu na mlango, sauti nene karibu na kilele. Juu ya utando huo zimepangwa seli za vinywele zipatazo 15,000 katika kila sikio. Seli hizo zikifa, kwa binadamu hazioti tena. Hedifoni ina mito ya kubadilisha, kebo ya kubadilisha na kadi ya dhamana. Koklea haina vipuri.

Kwa mtazamo huo, kila kitelezi cha ekwalaiza ni kama kiganja kinachosukuma sehemu fulani ya koklea. Ongezeko la desibeli 3 ni maradufu ya nishati; desibeli 6 ni mara nne; desibeli 10 ni mara kumi. Kiwango kilichotolewa mwaka 2019 na Shirika la Afya Duniani kwa kushirikiana na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, humruhusu mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hupungua kwa nusu: desibeli 83 kwa saa 20, desibeli 86 kwa saa 10, desibeli 89 kwa saa 5. Mpenzi wa muziki anayesikiliza saa tatu kila jioni hutimiza saa 21 kwa wiki. Akisikiliza kwa desibeli 83, tayari amevuka mpaka, hata kama hajasikia maumivu yoyote.

Mahali pa kuongeza nako kuna uzito wake. Kuongeza desibeli chache katika besi ya hezi 40 hubadilisha dozi hiyo kidogo sana, kwa sababu kipimo kinachotumika huyapunguzia uzito masafa ambayo sikio haliyahisi kwa nguvu. Kuongeza kiasi kilekile kati ya hezi 2,000 na 5,000 ni jambo jingine kabisa, maana huko ndiko mfereji wa sikio unakokuza sauti, na ndiko madhara ya kelele huanza kujitokeza. Kwa bahati mbaya, huko ndiko pia kunakopatikana kile ambacho wasikilizaji hukiita uwazi. Anayetafuta uwazi kwa kusukuma eneo hilo juu anauvuna kwa gharama ya sehemu iliyo dhaifu kuliko zote.

Kwa sababu hiyo kupunguza kutangulie kuongeza. Muziki unaosikika mzito na wenye ukungu mara nyingi hauhitaji sauti nyembamba zaidi. Unahitaji kupunguziwa besi ya juu inayozifunika sauti za kati. Upunguzaji una faida ya kiufundi vilevile. Sauti ya kidijitali ina dari. Kitelezi kikipandishwa kwa desibeli 6 bila kushusha kiwango cha jumla, vilele vya muziki hugonga dari hiyo na kukatika, na msikilizaji husikia mkwaruzo. Programu nzuri za ekwalaiza zina kidhibiti cha kiwango cha kuanzia, nacho hushushwa kwa kiasi kisichopungua ongezeko kubwa kuliko yote.

Kasoro ni ya hedifoni au ya sikio?

Swali hili ndilo linaloulizwa kwa nadra, na ndilo lenye uzito mkubwa zaidi. Mtu wa umri wa miaka 50 anayeona kwamba hedifoni zake mpya hazina mng’ao, anaweza kuwa amenunua hedifoni zenye utusitusi. Anaweza pia kuwa amepoteza usikivu wa sauti nyembamba, kama inavyowatokea watu wengi umri unavyosonga. Kijana aliyezoea sauti kubwa, au fundi aliyefanya kazi miaka mingi penye mashine, anaweza kuwa na pengo karibu na hezi 4,000 ambalo ni alama inayojulikana ya madhara ya kelele. Wote hawa watapandisha kitelezi na kufurahi. Kitelezi kitakuwa kimeficha dalili. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha sikio huja kwa kuchelewa, maneno ya watu yanapoanza kupotea katika mazungumzo.

Wapo wanaojibu kwamba, ikiwa sikio limepungukiwa, basi ekwalaiza ifidie upungufu huo desibeli kwa desibeli. Tiba ya usikivu ilikwisha kukutana na wazo hili na kulikataa. Mwaka 1944 Samuel Lybarger alipendekeza kanuni ya nusu: mtu aliyepungukiwa na desibeli 40 huongezewa takriban desibeli 20 tu. Sababu ni kwamba sikio lililoharibika hushindwa kusikia sauti ndogo, lakini sauti kubwa hulijia na ukubwa wake ule ule, wakati mwingine kwa kero. Ndiyo maana vifaa vya kisasa vya kusaidia kusikia huongeza sana sauti ndogo na kuziacha kubwa karibu kama zilivyo. Ekwalaiza ya muziki haina hekima hiyo. Ikiambiwa iongeze desibeli 20, itaziongeza hata pale ambapo tarumbeta imekwisha kufikia kilele.

Mpaka kati ya hedifoni na kifaa cha kusaidia kusikia unazidi kuwa mwembamba. Septemba 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha programu inayoziwezesha AirPods Pro kutumika kama kifaa cha kusaidia kusikia kwa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa kati. Hatua hiyo inathibitisha kuwa kusawazisha sauti kwa kufuata sikio la mtu ni jambo la kitabibu linaloheshimika. Inathibitisha vilevile kwamba kipimo hutangulia marekebisho, kama vile mtu hapewi miwani kabla ya kupimwa macho.

Zipo dalili ambazo hazipaswi kamwe kupelekwa kwenye ekwalaiza. Mvumo usiokoma masikioni, sikio moja kusikia chini ya jingine, au sauti kuonekana imefunikwa na pamba baada ya kusikiliza, ni mambo ya kumpelekea mtaalamu wa masikio. Usikivu unaopotea ghafla, hasa katika sikio moja, ni dharura ya kumwona daktari siku hiyohiyo. Wengi hupoteza siku za thamani wakibadilisha kebo na kupangusa soketi.

Utaratibu wenye busara

Itasemwa kwamba tahadhari hizi zimetiwa chumvi, kwa kuwa mwenye hedifoni nzuri husikiliza nyumbani penye utulivu. Kuna ukweli ndani yake. Anayesikiliza kwa sauti ya wastani chumbani yu salama kuliko abiria wa daladala anayeshindana na honi na injini kwa iafoni za bei rahisi. Kwa abiria huyo dawa ni hedifoni zinazozuia kelele za nje, wala si ekwalaiza. Lakini utulivu wa chumba hauhesabu saa, na ustadi wa kusikiliza hauzikingi seli za vinywele.

Kwa hiyo utaratibu ufaao ni huu. Msikilizaji aanze kwa kupima usikivu wake, na arudie kila baada ya miaka michache. Apange kwanza kiwango cha sauti anachoweza kuzungumza juu yake bila kupaza, ndipo afungue ekwalaiza. Atafute kilichozidi na akishushe, kabla ya kutafuta kilichopungua. Anapolinganisha sauti iliyosawazishwa na isiyosawazishwa, ahakikishe zote zina ukubwa mmoja, kwa sababu binadamu huiona sauti kubwa kidogo kuwa bora hata pasipo ubora wowote. Aishi na marekebisho yake siku kadhaa, kisha aangalie kama mkono wake unakwenda kwenye kidhibiti cha sauti mara chache kuliko zamani. Ikiwa amesawazisha vizuri, atajikuta anaridhika kwa sauti ndogo. Ikiwa kila wiki anaongeza kidogo, tatizo haliko tena kwenye hedifoni.

Wahudumu wa afya nao wana wajibu wao. Mgonjwa anayelalamikia masikio huulizwa kuhusu mashine na dawa alizotumia. Aulizwe pia hedifoni anazotumia, saa anazosikiliza, na vitelezi alivyovipandisha. Mtu aliyeongeza sauti nyembamba kwa miaka mitano mfululizo, kidogo kidogo, amekwisha kuchora kwa mkono wake mwenyewe picha ya upungufu wake. Daktari akiomba kuiona, huenda akaanza uchunguzi mapema kuliko ambavyo mgonjwa angekuja kuuomba.